Ngisi wa mwaka 1952 na mabilioni ya Ulaya: ule ubongo wa kompyuta uko wapi?



Kuna msomaji mmoja wa Morogoro aliniuliza swali nikalikalia siku kadhaa. Aliandika hivi: "Kaka, wale Wazungu waliosema watajenga ubongo wa binadamu ndani ya kompyuta kwa miaka kumi, wamefikia wapi? Miaka kumi si imeshapita?"

Jibu fupi: imepita, na ubongo wenyewe haupo. Ningeweza kuishia hapo nikaokoa dakika zenu za kafe. Lakini jamani, hii habari ina utamu wake, na ina hela nyingi ndani yake, na kwangu mimi ina jambo la nyumbani ambalo nitalisema huko mbele. Kwa hiyo kama muda wako unakaribia kuisha, ongeza nusu saa nyingine.

Kwanza tukumbushane. Julai 2009, kule Oxford, Uingereza, alisimama jukwaani mwanasayansi anayeitwa Henry Markram, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Lausanne, Uswisi. Akasema kuujenga ubongo wa binadamu kwenye kompyuta si jambo lisilowezekana, na kwamba inaweza kufanyika ndani ya miaka 10. Hakuwa mtu wa mtaani. Tangu 2005 alikuwa anaongoza mradi wa Blue Brain, akitumia kompyuta kubwa ya IBM kuiga seli za neva za panya, seli moja moja, pamoja na umeme wake. Watu walipiga makofi. Magazeti yakaandika. Januari 2013 Umoja wa Ulaya ukatangaza kwamba mradi wake mpya, Human Brain Project, ni mmoja kati ya miwili itakayopewa fedha za kutisha: ilitajwa euro bilioni moja na ushee kwa miaka kumi.

Sasa kabla hatujamcheka wala kumtetea, lazima tuelewe alichokuwa anajaribu kuiga. Wengi tunasikia "ubongo unatumia umeme" tunatikisa kichwa tu kama tumeelewa. Hivi umeme huo unatoka wapi? Ndani ya kichwa hakuna betri wala jenereta.

Twende kwa ngisi. Ndiyo, ngisi huyu huyu wa Feri, anayekaangwa na ndimu.

Ngisi ana uzi mmoja wa neva mnene ajabu. Kazi yake ni kumtorosha: uzi ukipitisha mpigo wa umeme, mwili unabana, maji yanasukumwa nje kwa nguvu na ngisi anachomoka kama risasi. Nyuzi za neva zetu sisi ni nyembamba kuliko unywele, lakini huo wa ngisi unaweza kufika karibu milimita moja kwa unene, unauona kwa macho yako bila hadubini. Kumbe kwa miaka mingi waliopasua ngisi waliuona wakadhani ni mshipa wa damu! Ni Mwingereza J. Z. Young, mwaka 1936, aliyewaonyesha wenzake kwamba ile ni neva.

Hapo wakaingia vijana wawili wa Cambridge, Alan Hodgkin na Andrew Huxley. Mwaka 1939, Hodgkin akiwa na miaka 25 na Huxley 21, walikwenda maabara ya bahari ya Plymouth, wakapenyeza kibomba chembamba cha kioo ndani ya uzi wa ngisi kwa urefu wake na kupima volti kutoka ndani. Waliona kwamba seli ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa sehemu ndogo ya volti. Wataalamu wa neva wanapenda kutaja milivolti 70 hivi, yaani kama sehemu moja ya ishirini ya betri ya tochi. Ikisisimuliwa, ile hasi inaruka, inapita sifuri, inakwenda chanya hadi milivolti 40 hivi, kisha inarudi chini. Yote hayo kwa muda wa elfu moja ya sekunde, au zaidi kidogo. Wataalamu wa wakati ule walitegemea volti ifike sifuri na kuishia hapo. Kwa nini inapitiliza? Kabla hawajapata muda wa kujibu, Hitler akavamia Poland. Hodgkin akapelekwa kwenye kazi za rada, Huxley kwenye mambo ya mizinga. Ngisi wakapumzika miaka minane.

Waliporudi, ndipo kazi yenyewe ikafanyika. Walitumia mbinu iliyobuniwa na Wamarekani, Kenneth Cole na George Marmont, ya kuishika volti ya neva mahali pamoja isitikisike, huku ukipima ni umeme kiasi gani unavuka ngozi ya seli. Na walichokigundua nitakieleza kwa mfano wa uwanja wa mpira siku ya watani wa jadi.

Nje ya seli kumejaa sodiamu, ile iliyo kwenye chumvi ya mezani. Ndani kumejaa potasiamu, ile wanayosema iko kwenye ndizi. Ngozi ya seli ni ukuta wenye mageti. Mageti ya sodiamu yana tabia moja: ukiyatikisa kidogo kwa volti, baadhi yanafunguka. Sodiamu inaingia, na kwa kuwa ina chaji chanya, inapandisha volti, na volti ikipanda mageti mengine yanafunguka, sodiamu inazidi kuingia. Ni kama umati: wachache wakipita geti moja, presha inavunja mageti yote. Ndiyo maana neva haina nusu mpigo. Ukiisukuma kidogo haifanyi kitu, ukivuka kiwango fulani inapiga mpigo kamili.

Sasa nani anaizuia isilipuke moja kwa moja? Vitu viwili. Kila geti la sodiamu lina kama komeo la pili, la polepole, ambalo linajifunga lenyewe muda mfupi baada ya geti kufunguka. Na mageti ya potasiamu, ambayo ni mazito kuamka, yanafunguka kwa kuchelewa, potasiamu inatoka nje, volti inashuka. Seli inatulia, iko tayari kupiga tena. Hilo komeo la pili naomba mlikumbuke, tutalirudia.

Ajabu yake ni kwamba hawakuwahi kuona geti hata moja. Hapakuwa na chombo cha kuona. Waliandika tu hesabu: kanuni nne zinazoelezana, zenye herufi m, h na n kuwakilisha mageti ya aina mbalimbali. Mkondo wa geti moja pekee ulikuja kupimwa na Wajerumani Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976. Umbo la geti la potasiamu likaonekana mwaka 1998 kwa kazi ya Roderick MacKinnon kule Marekani. Na mageti yalikuwepo kweli.

Na kompyuta je? Hapa ndipo huwa nacheka peke yangu. Walipanga kutumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, wakaambiwa itazimwa miezi sita, inafanyiwa marekebisho makubwa. (Kumbe habari za "mtandao uko chini" zimeanza zamani.) Huxley hakusubiri. Alichukua Brunsviga, mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, ile ya dukani, akazungusha mpini. Mpigo mmoja tu unaosafiri kwenye uzi ulimchukua kama wiki tatu. Hatua moja ndogo ya muda, hesabu, andika, hatua nyingine, hesabu, andika.

Matokeo yake? Hesabu ilisema mpigo utasafiri mita 18.8 kwa sekunde. Kwa ngisi halisi ulipimwa mita 21.2. Yaani karibu kilomita 68 kwa saa kwenye karatasi na kama 76 kwenye mnyama, mwendo wa daladala iliyopata lami tupu. Kumbuka spidi hiyo hawakuichomeka kwenye hesabu, ilijitokeza yenyewe. Makala zilichapishwa mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Nobel pamoja na John Eccles.

Naikalia hadithi hii kwa makusudi. Modeli nyingi za seli za neva zinazoendeshwa kwenye kompyuta leo, za panya, za nzi, za binadamu, ni watoto na wajukuu wa kanuni zile nne. Markram alikuwa anatumia kanuni za ukoo huo huo. Kwa hiyo msingi wake haukuwa longolongo.

Na sisi watu wa Pwani tunalijua geti la sodiamu bila kujijua. Wazee wanakwambia bunju haliwi. (Nasema samaki, si Bunju ya Dar!) Sumu ya bunju inakwenda moja kwa moja kuziba mageti ya sodiamu. Midomo inakufa ganzi, kisha misuli, kisha pumzi, mtu anakufa akili yake ikiwa inaona kila kitu. Kuipika hakusaidii, moto hauimalizi. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake walionyesha, kwa kutumia neva za kambakoche, kwamba sumu hiyo inazuia sodiamu tu na kuiacha potasiamu ipite. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo inaziba mageti hayo hayo, ila kwa muda na mahali pamoja. Na yule nyoka wa kijani mwenye sumu kali anayekaa kwenye miembe na mikorosho yetu, katika sumu yake kuna kemikali zinazoziba mageti ya potasiamu, hivyo neva zinasisimka kupita kiasi. Kwa maana hiyo zile herufi za Huxley ziko baharini na juu ya miti.

Turudi Ulaya kwenye hela.

Mradi ulianza rasmi Oktoba 2013. Haukumaliza hata mwaka kabla moto haujawaka. Julai 2014 wanasayansi zaidi ya 150 waliandika barua ya wazi kwa Tume ya Ulaya, na baadaye sahihi zikapita 700. Kati ya waliokuwa mbele walikuwa Alexandre Pouget wa Geneva na Zachary Mainen wa Lisbon. Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza ni la uongozi: wachache wanaamua nani apate hela, na hao hao wanazipata. (Mnacheka nini? Mlidhani ni huku tu?) Watafiti wanaosoma jinsi ubongo unavyofikiri walikuwa wameondolewa kwenye mpango mkuu. Likaundwa jopo la upatanishi chini ya Wolfgang Marquardt wa Jülich, Ujerumani, na mwaka 2015 ile kamati ya watu watatu iliyoongoza mradi, akiwemo Markram, ikavunjwa.

Malalamiko ya pili ni ya kisayansi, na nadhani ndiyo yenye uzito. Hodgkin na Huxley walipima kwanza, kila namba kwenye kanuni zao ilitoka kwenye uzi wa ngisi waliokuwa nao mezani. Sasa wewe unataka kuiga ubongo wa binadamu wenye seli za neva kama bilioni 86, kila moja ikiwa imeunganishwa na maelfu ya nyingine. Umeipima ipi? Mwaka 2015 timu ya Blue Brain ilichapisha kazi yao kubwa: kipande cha ubongo wa panya mchanga, karibu theluthi moja ya milimita ya ujazo, seli 31,000 hivi na miunganiko karibu milioni 37. Ni kazi ya miaka mingi na ya watu zaidi ya 80, siidharau hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya miunganiko hiyo haikupimwa, ilikadiriwa kwa kanuni kutokana na michache iliyopimwa. Na chukua kalamu: ungehitaji vipande kama hivyo karibu milioni 2.8 kufikia idadi ya seli za kichwa chako. Hapo nazungumzia idadi tu, sijazungumzia kwamba wewe si panya.

Unaweza kuwa na kompyuta kubwa kuliko zote duniani. Kama namba ulizoweka ni za kukisia, kompyuta itakurudishia makisio yako kwa kasi kubwa.

Human Brain Project ulifungwa Septemba 2023. Ile bilioni haikutoka yote. Hesabu ya mwisho ilikuwa euro milioni 607, ambazo milioni 406 zilitoka Umoja wa Ulaya. Blue Brain nao, uliokuwa ukilipiwa na serikali ya Uswisi, ukafika mwisho Desemba 2024.

Je, ni changa la macho? Mimi nasema hapana, na hapa najua baadhi yenu mtanirukia. Baada ya Markram kuondolewa kwenye usukani, mradi uliacha ndoto ya ubongo mzima ukageuka kuwa karakana ya zana. Wametoa atlasi ya ubongo wa binadamu iliyochorwa kwa undani, wametoa jukwaa la EBRAINS lenye data na programu, wamesaidia mashine ya SpiNNaker ya Manchester yenye prosesa milioni moja zinazotumiana mipigo midogo kama seli za neva. Vitu vya maana. Ila sivyo vilivyotangazwa jukwaani. Mtu akikuahidi gari akakuletea sanduku zuri la spana, spana utazitumia, lakini unayo haki ya kuuliza gari.

Wakati huo huo kuna watu waliokwenda njia ya ngisi, yaani wadogo kwanza na kupima kwanza. Kuna mnyoo mdogo anayeitwa C. elegans, ana seli za neva 302 tu, na ramani ya miunganiko yake imejulikana tangu 1986. Mpaka leo, pamoja na ramani hiyo, wanasayansi hawajaweza kutabiri kwa kompyuta kila anachofanya. Seli 302! Kisha Oktoba 2024 ikatoka ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa, seli 139,255 na miunganiko zaidi ya milioni 50, kazi iliyoongozwa kutoka Princeton na Mala Murthy na Sebastian Seung wakisaidiwa na watu wengi duniani, wengine wa kujitolea tu, waliokuwa wakikagua picha kwenye kompyuta zao.

Siku hizo hizo Philip Shiu na wenzake wakatoa kitu kilichonifurahisha zaidi. Walichukua ramani ya nzi wakaweka kwenye kila seli kanuni rahisi kupita kiasi: seli inakusanya umeme, ikifika kiwango inapiga, kisha inaanza upya. Kanuni hiyo ni nyepesi hata kuliko za Huxley. Wakawasha seli za kuonja sukari ndani ya kompyuta, wakatazama mipigo inakwenda wapi. Modeli ikataja seli zinazohusika nzi anaponyoosha mdomo kula, wakaenda kwa nzi halisi kupima, na sehemu kubwa ya utabiri ikawa sahihi. Programu waliyotumia inaitwa Brian, na ni ya bure.

Angalia tofauti iliyopo. Kwa panya kulikuwa na seli zenye maelezo mengi na miunganiko ya kukisia. Kwa nzi seli zina maelezo machache mno, lakini miunganiko imepimwa kweli. Matunda yameonekana haraka upande wa nzi. Sisemi ubishi umekwisha, wapo wanaoamini bila undani wa mageti hutaelewa dawa wala ugonjwa. Na kuhusu dawa ninakubaliana nao, na hapa ndipo nilipoahidi kusema jambo la nyumbani.

Binti wa shangazi yangu ana kifafa. Kilimwanza akiwa darasa la tano. Sihitaji kuwaeleza mengi, mnajua yanayosemwa: mapepo, kurogwa, usimguse akianguka utaambukizwa, sahani yake iwekwe kando. Alizungushwa kwa waganga miaka mitatu. Ana kovu la moto mkononi, aliangukia jiko la mkaa na waliokuwepo walikimbia badala ya kumtoa. Siku moja mjomba akamchukua akampeleka kliniki, akapewa kabamazepini. Ndani ya miezi michache kuanguka kukapungua mpaka tukaanza kusahau. Kisha kituo tulichokuwa tunachukulia dawa (sitakitaja) kikaanza kusema "zimeisha, njooni wiki ijayo", na wiki ijayo ikawa mwezi, naye akaanguka tena, mara hii barabarani.

Mimi sikuwa nimesoma chochote kuhusu neva. Nilianza kusoma kwa hasira, nataka kujua hicho kidonge kinafanya nini. Ndipo nikakutana na ngisi. Kifafa ni seli nyingi za neva kupiga kwa pamoja na kwa mfululizo bila breki. Na kabamazepini, sawa na fenitoini, inafanya nini? Inaning'inia kwenye geti la sodiamu wakati lile komeo la pili limejifunga, na kulichelewesha lisifunguke. Seli inayopiga kwa utulivu haisumbuliwi sana, kwa sababu makomeo yake yako wazi muda mwingi. Ile inayopiga kama kichaa ndiyo inayobanwa. Herufi h ya Huxley, aliyoizungushia mpini wiki tatu bila kuona geti, ndiyo inayomzuia dada yangu asiangukie moto. Siku nilipoelewa hivyo nilimpigia simu nikamweleza, akaniambia, "Kwa hiyo pepo wangu anaitwa sodiamu?" Tukacheka sana.

Sasa tazama hesabu za dunia. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Linasema hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu sahihi, lakini katika nchi maskini robo tatu hawayapati. Dawa hizo ni za zamani, si za kuvumbuliwa kesho.

Human Brain Project nao uligusa kifafa. Viktor Jirsa na wenzake wa Marseille, Ufaransa, wanatengeneza ubongo wa kompyuta wa mgonjwa mmoja mmoja kutokana na picha zake za kichwa, ili mpasuaji ajue kifafa kinaanzia wapi. Hawaigi kila seli, wanatumia kanuni za maeneo mazima ya ubongo. Jaribio lao la hospitalini lilianza 2019 na lilipangwa kwa wagonjwa zaidi ya 350. Ni kazi nzuri, ni kwa wale ambao vidonge vimeshindwa. Lakini nikiiangalia kutoka huku kwetu najikuta na mawazo mawili kwa pamoja: nafurahi, na papo hapo nakumbuka lile dirisha la dawa na yule mama anayesema zimeisha. Modeli ya kompyuta hailijazi kabati la dawa. Wala sitaki mtu aniambie basi sayansi hiyo si yetu, tusubiri kwanza tupate vidonge. Bila ngisi tusingejua kidonge kinashika wapi.

Jambo moja la pembeni maana nalijua litaulizwa. Hizi akili bandia mnazochati nazo siku hizi, si ubongo wa kuigwa. "Neva" zao ni jina la heshima tu: zinazidisha namba na kujumlisha, hazina sodiamu, wala hazifyatui mipigo kama seli zako. Babu yao ni wazo la McCulloch na Pitts la mwaka 1943, lililoirahisisha seli ya neva mpaka ikabaki ndiyo au hapana. Nobel ya fizikia ya 2024 waliyopewa John Hopfield na Geoffrey Hinton ilitambua ukoo huo, si wa ngisi. Kwa hiyo anayekwambia kompyuta imeshakuwa na ubongo wa binadamu kwa sababu inajibu maswali, anachanganya majirani wawili.

Mwisho, kwa wale wa vitendo. Kanuni za 1952 unaweza kuziendesha hapo hapo ulipokaa. Ipo programu ya bure inaitwa NEURON, iliyoanzishwa na Michael Hines katika maabara ya John Moore kule Duke, Marekani, na Moore huyo ndiye mmoja wa wale walioandika pamoja na Narahashi kuhusu sumu ya bunju. Najua mwenye kafe hataki uweke programu kwenye mashine yake, na ana haki. Tumia Python kupitia kivinjari, Google Colab inatosha, na kanuni zenyewe hazizidi mistari hamsini ukizitafuta.

Mimi nilifanya Jumamosi iliyopita kwenye kafe ya karibu na stendi. Namba za Huxley ni hizi: sodiamu 120, potasiamu 36, uvujaji 0.3. Nikaipa seli umeme wa 1, ikatetemeka kidogo ikatulia. Nikaipa 10, ikaanza kupiga mfululizo, mipigo zaidi ya 60 kwa sekunde, mistari imepanda na kushuka kwenye skrini kama meno ya msumeno. Kazi ya wiki tatu za Huxley kwa mpini, mashine chakavu ya kafe iliimaliza kabla sijanywa funda la soda. Halafu nikashusha ile 120 ya sodiamu mpaka 0, nikabonyeza tena. Mstari ukalala, haukupiga tena. Kijana wa pembeni aliyekuwa anaangalia mpira akageuka akaniuliza, "Bro, imekufa?" Nikamwambia imekula bunju.

Anayetaka hiyo mistari hamsini aniachie ujumbe kwenye maoni, nitaibandika. Na kama kuna mdau anayefanya kazi kwenye dirisha la dawa mahali popote, hebu tuambie huko kwenu kabamazepini inapatikana au nako ni njooni wiki ijayo. Taja wilaya tu, jina la kituo si lazima.